Mkojo Unaponyoka Ukikohoa: Hatua za Kupitia Kabla Hujakubali Upasuaji

Ukikohoa, ukipiga chafya, ukicheka sana kwenye kichenpati au ukinyanyua ndoo ya lita 20, mkojo unatoka kidogo kabla hujawahi kubana. Wanawake wengi wanaishi hivi kwa miaka. Wanavaa khanga mbili, wanatembea na pedi kwenye mkoba, wanakaa karibu na mlango kwenye kila shughuli. Wengine wameacha kwenda msikitini kwa sababu udhu haukai. Wakisema, wanajibiwa, "Uzazi huo mwenzangu, utazoea."

Si lazima uzoee. Ila pia si lazima ukimbilie kisu, kwa sababu upasuaji wa tatizo hili uko wa namna kadhaa, na mmojawapo unaacha mwilini kitu ambacho hakitolewi kirahisi. Mwongozo huu ni wa mwanamke aliyeambiwa "tukufanyie operesheni", na wa binti au mdogo wake anayemsaidia kutafuta habari kwenye simu.

Hatua ya 1: Jua mkojo wako unatoka vipi

Hapa ndipo watu wanapotea, na ukipotea hapa upasuaji hautakusaidia.

Mkojo unaotoka kwa mkazo hutoka pale tumbo linapokandamiza kibofu: kikohozi, chafya, kicheko, kuruka kwenye kwaya, kubeba mtoto. Hutoka kidogo na hukoma mkazo ukikoma. Mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi, sentimita tatu hadi nne tu, na unashikiliwa na misuli na kano za nyonga. Ujauzito na kuzaa kwa njia ya kawaida huzilegeza. Umri, ukomo wa hedhi, uzito mkubwa, choo kigumu cha miaka na kikohozi kisichoisha (ukiwemo kile cha moshi wa kuni) huongeza tatizo.

Mkojo wa haraka ni mwingine. Hamu inakuja ghafla, unakimbia, unaingiza ufunguo mlangoni na mkojo umeshatoka. Huo unatibiwa kwa kukizoesha kibofu kusubiri na kwa dawa. Upasuaji wa mkazo haukutengenezwa kwa ajili yake, na unaweza hata kuuzidisha. Wanawake wengi wana yote mawili kwa pamoja. Kwao swali ni lipi linalowasumbua zaidi.

Mkojo unaovuja mfululizo, usiku na mchana, umelala au umesimama, ni jambo la tatu. Kama ulianza baada ya uchungu wa muda mrefu, au baada ya operesheni ya uzazi au ya kutoa kizazi, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Usipoteze muda na mwongozo huu. Nenda hospitali inayotibu fistula: CCBRT Dar es Salaam, Bugando Mwanza, Gynocare Eldoret, Panzi Bukavu au HEAL Africa Goma. Kuna pia waliozibwa fistula vizuri kabisa lakini bado wanalowa wakikohoa. Hao mara nyingi wamebaki na mkojo wa mkazo, na warudi kwa daktari yuleyule aliyewatibu, kwa sababu kovu la zamani linabadilisha mahesabu yote.

Na kama una kisukari, au unakojoa kidogokidogo huku ukihisi kibofu hakiishi, sema mapema. Kibofu kilichojaa kupita kiasi nacho humwaga.

Hatua ya 2: Andika daftari la siku tatu

Chukua jagi lenye alama za mililita, daftari na kalamu. Kwa siku tatu andika unachokunywa, unachokojoa na kila unapolowa, pamoja na ulichokuwa unafanya. Haina haja ya mwandiko mzuri:

Saa 1:30 asubuhi, chai vikombe viwili. Saa 2:10, nimekojoa mililita 300. Saa 3:00, nimenyanyua ndoo, nguo imelowa kidogo. Saa 4:15, hamu ya ghafla, nimewahi choo.

Kurasa tatu za namna hiyo zinamwambia daktari mengi kuliko nusu saa ya "huwa inatoka tu". Utashangaa na wewe mwenyewe. Kuna mtu hugundua kwamba anakunywa chai lita mbili kabla ya saa sita mchana, na mwingine kwamba siku nzima hanywi maji kwa kuogopa kulowa. Kujinyima maji hakusaidii: mkojo unakuwa mkali, unakichokoza kibofu, na choo kinakuwa kigumu.

Hatua ya 3: Vipimo vya kudai

Kipimo cha mkojo kuangalia maambukizi, kwa sababu yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) peke yake inaweza kumfanya mtu alowe. Kipimo cha kukohoa: unaenda kibofu kikiwa kimejaa, unakohoa, na daktari anaona kwa macho yake kama mkojo unatoka. Wengi wanakojoa kabla ya kuingia chumbani kwa aibu, halafu kipimo hakionyeshi kitu. Usikojoe. Baadaye wanapima kwa ultrasaundi mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa, na kuangalia kama kizazi au ukuta wa uke umeshuka.

Ipo pia mashine ya kupima nguvu ya kibofu kwa mirija midogo inayoingizwa ndani yake. Haipatikani kila mahali, na kukosa kipimo hicho si mwisho wa dunia. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kwa mwanamke mwenye mkojo wa mkazo usio na utata, uchunguzi wa kawaida wa kliniki ulitosha. Matokeo ya upasuaji hayakuwa mabaya kuliko ya waliopimwa na mashine. Mwenye dalili mchanganyiko, au aliyewahi kupasuliwa kwa tatizo hilihili, ndiye anayekihitaji kweli.

Hatua ya 4: Miezi mitatu ya mazoezi

Najua wengi wataruka hapa. Msiruke.

Mazoezi ya kubana misuli ya nyonga yanaitwa kegel kwa jina la daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliyeyatangaza mwaka 1948. Kuupata msuli wenyewe: bana kama unazuia ushuzi usitoke mbele za watu, na papo hapo kama unazuia mkojo. Utahisi kitu kinapanda ndani. Tumbo lisikaze, makalio yasikaze, na pumzi isikatike. Ukishindwa kuongea huku unabana, unabana mahali pasipo. Shika kwa sekunde chache, achia kabisa, pumzika, rudia. Angalau mara 8 kwa mkupuo, mikupuo mitatu kwa siku, kwa miezi mitatu isiyokatika. Ongeza sekunde kadiri unavyopata nguvu. Usifanye zoezi kwa kukata mkojo katikati kila unapokojoa. Hilo linavuruga kibofu.

Kisha jifunze kubana kabla tu ya kukohoa au kunyanyua kitu. Hapo ndipo zoezi linapolipa.

Ukipata mtaalamu wa fiziotherapia anayejua nyonga, mwone. Wanawake wengi wanaosema wamefanya kegel wakashindwa walikuwa wanasukuma chini badala ya kuvuta juu, na hakuna aliyewahi kuwakagua.

Mazoezi yanafika wapi? Uholanzi waliwachukua wanawake 460 wenye mkojo wa mkazo wa wastani hadi mkali, kundi moja likaanza na fiziotherapia na jingine likapasuliwa moja kwa moja. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Baada ya mwaka, waliosema wamepata nafuu walikuwa karibu 91 kati ya 100 katika kundi la upasuaji, na 64 katika kundi lililoanza na mazoezi, na hapo nusu ya kundi la mazoezi walikuwa wameshaamua kuhamia upasuaji. Upasuaji una nguvu zaidi, hilo halina ubishi. Lakini nusu nyingine hawakuhama.

Uzito nao si maneno ya kumsema mtu. Mwaka 2009 utafiti wa Marekani kwa wanawake wanene ulionyesha kwamba waliopunguza wastani wa asilimia 8 ya uzito wao ndani ya miezi sita walipunguza nyakati za kulowa kwa karibu nusu. Kwa mama wa kilo 90 hiyo ni kilo saba hivi. Tibu kikohozi, tibu choo kigumu. Iko pia pete ya mpira inayovaliwa ukeni kuegemeza mrija. Inamfaa asiyetaka kupasuliwa au anayetarajia kuzaa tena.

Na kama bado unataka watoto, upasuaji usubiri. Mimba na uzazi vinaweza kurudisha tatizo lililokwisha.

Hatua ya 5: Jua unachotaka kufanyiwa

Neno "operesheni ya mkojo" halitoshi. Uliza ni ipi kati ya hizi.

Kushona ukuta wa uke juu. John Burch wa Nashville, Marekani, aliieleza mwaka 1961. Daktari anapita tumboni, kwa mkato au kwa matundu madogo ya kamera, na kushona ukuta wa uke ulio kando ya shingo ya kibofu kwenye kano imara iliyo nyuma ya mfupa wa kinena. Hakuna wavu wa plastiki, ni nyuzi tu. Gharama yake ni kupona polepole zaidi, na baadhi ya wanawake baadaye hushuka ukuta wa nyuma wa uke. Kabla yake kulikuwa na ile ya Marshall, Marchetti na Krantz ya mwaka 1949, iliyoshona kwenye mfupa wa kinena wenyewe. Ilileta uvimbe mbaya wa mfupa kwa baadhi ya wagonjwa, na imeachwa na wengi.

Mkanda wa nyama yako mwenyewe. Wanakata kipande cha utando mgumu wa ukuta wa tumbo lako na kukipitisha chini ya mrija wa mkojo kama mbeleko. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2007, wanawake 655, uliulinganisha na ule wa Burch. Baada ya miaka miwili, tukihesabu mkojo wa mkazo peke yake, mkanda ulifaulu kwa asilimia 66 na Burch asilimia 49. Lakini waliowekewa mkanda walipata yutiai zaidi, na asilimia 14 walipata shida ya kukojoa, dhidi ya 2 upande wa pili. Sisi wa hospitali zisizo na vifaa vingi tunapaswa kuuangalia upasuaji huu kwa heshima: hauhitaji kununua mkanda wa kiwandani, unahitaji mikono inayojua.

Mkanda wa plastiki. Huu ndio uliotawala dunia tangu Ulf Ulmsten wa Uppsala, Uswidi, na Peter Petros wa Australia walipouleta miaka ya 1990. Ni utepe mwembamba wa polipropilini, wavu, unaowekwa chini ya katikati ya mrija, na ncha zake hupita nyuma ya mfupa wa kinena. Emmanuel Delorme wa Ufaransa akaleta mwaka 2001 njia ya kupitisha ncha hizo kwenye kinena, upande wa mapaja. Upasuaji ni mfupi, na wengi hurudi nyumbani haraka. Utafiti wa mwaka 2010 kwa wanawake 597 ulikuta njia hizi mbili zinakaribiana kwa kufaulu: asilimia 80.8 na 77.7 kwa vipimo vya daktari. Tofauti iko kwenye madhara. Njia ya nyuma ya mfupa ililazimisha asilimia 2.7 wapasuliwe tena kwa kushindwa kukojoa, na ile ya mapajani hakuna. Lakini ile ya mapajani ilileta ganzi au udhaifu wa neva kwa asilimia 9.4, dhidi ya 4.

Sasa jambo ambalo hutakiwi kulikuta baada ya kusaini. Mkanda wa plastiki umetengenezwa ukae milele. Nyama inaota ndani ya matundu yake, na kuutoa ni upasuaji mkubwa ambao mara nyingine hautoi wote. Wanawake wachache hupata wavu kutokeza ukeni, maumivu ya kudumu au maumivu kwenye tendo la ndoa. Uingereza ilisimamisha matumizi yake Julai 2018, isipokuwa kwa masharti makali, na ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Baroness Cumberlege, ya Julai 2020, ilisema wazi kwamba wanawake walilalamika kwa miaka bila kusikilizwa. Nyuzilandi nayo ilisimamisha mwaka 2023. Marekani mwaka 2019 ilizuia kuuza wavu unaowekwa kupitia ukeni kwa ajili ya viungo vya nyonga vilivyoshuka, lakini mkanda wa mkojo uliendelea. Watu wanachanganya hayo mawili kila siku kwenye makundi ya WhatsApp. Wavu mpana wa kushikilia kiungo kilichoshuka na utepe mwembamba chini ya mrija si kitu kimoja, na hatari zake hazilingani.

Sindano za kujaza. Wanachoma jeli kuzunguka mrija ili ujibane. Ni nyepesi, lakini nguvu yake ni ndogo kuliko upasuaji na mara nyingi hurudiwa.

Hatua ya 6: Ukisoma tafiti mwenyewe, chunga majina

Binti yako ana bando, na PubMed, maktaba ya mtandaoni ya tafiti za tiba, ni ya bure. Atafungua aandike jina lililotajwa na daktari, na hapo vurugu inaanza.

Jina la ukoo peke yake halitoshi. Ukitafuta Marshall utampata Victor Marshall wa mwaka 1949 niliyemtaja, na utampata Barry Marshall wa Australia, aliyepata Tuzo ya Nobel 2005 kwa bakteria wa vidonda vya tumbo. Ukitafuta Kim, jina la karibu mtu mmoja kati ya kila watano Korea Kusini, utazama kabisa. Na sisi tusiwacheke: Mushi na Massawe wa Kilimanjaro wangejaza ukurasa vilevile. Andika jina la ukoo likifuatiwa na herufi za kwanza bila nukta, kama "Marshall VF", kisha ongeza neno la mada na mwaka. Halafu angalia hospitali ya mwandishi na waliomwandikia pamoja. Mtafiti wa nyonga haandiki leo kuhusu mkojo na kesho kuhusu mahindi. Waandishi wa miaka ya karibuni wengi wana namba ya utambulisho wa mtafiti iitwayo ORCID, iliyoanza mwaka 2012, ambayo haigawiwi kwa watu wawili.

Mtego wa pili ni kinyume chake: jina moja, makala nyingi, wagonjwa walewale. Carl Gustaf Nilsson wa Helsinki alifuatilia kundi la wanawake 90 waliowekewa mkanda wa plastiki, akachapisha matokeo ya mwaka wa 5, wa 7, wa 11 na wa 17. Asiyejua atahesabu tafiti nne zinazousifu mkanda, kumbe ni wanawake walewale wanazidi kuzeeka. Hali kadhalika Karen Ward na Paul Hilton wa Uingereza: jaribio lao moja la wanawake 344, mkanda dhidi ya Burch, lilitoka mwaka 2002, kisha likarudi 2004 na 2008. Ufuatiliaji mrefu una thamani kubwa, lakini uhesabu mara moja. Linganisha idadi ya wagonjwa na tarehe walizopasuliwa; zikifanana, umeshika kundi moja.

Na mwisho soma sehemu ya maslahi ya waandishi. Kama kampuni inayouza mkanda ndiyo iliyolipia, si lazima matokeo yawe uongo, ila usiyasome macho yamefumba.

Hatua ya 7: Maswali ya kumuuliza daktari

Uliza kwa adabu, lakini uliza. Daktari, ni upasuaji upi hasa, na umeshafanya mingapi ya namna hii? Unaweka wavu? Kama unaweka, ni wa kampuni gani, na ukileta shida nani hapa ataweza kuutoa? Utaangalia kibofu kwa kamera kabla ya kumaliza, kuhakikisha sindano haikukitoboa? Nikishindwa kukojoa baadaye mtafanya nini? Gharama yote ni kiasi gani, na bima inalipia hadi wapi?

Anayekasirishwa na maswali haya, tafuta mwingine. Aliyezoea kazi hujibu bila kutafuta maneno.

Mume ashirikishwe, hasa kwa sababu kuna wiki kadhaa za kutokutana kimwili. Lakini mwenye mwili ndiye anayesaini.

Hatua ya 8: Siku yenyewe na wiki sita za mbele

Kwenye orodha ya thieta wanaweza kuwepo akina Mwanaisha Juma wawili, mmoja wa kutolewa kizazi na mmoja wewe. Taja majina yako matatu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya faili na upasuaji uliokubali, kwa kila anayekuuliza, hata kama ni mara ya nne. Shirika la Afya Duniani liliweka hatua hiyo mwanzoni kabisa mwa orodha yake ya usalama wa upasuaji. Asipokuuliza mtu, jitaje mwenyewe kabla ya nusu kaputi.

Baada ya mpira wa mkojo kutolewa, usikubali kuruhusiwa kabla hujakojoa na kupimwa mkojo uliobaki. Mkondo kuwa mwembamba siku za kwanza ni kawaida. Kushindwa kabisa si kawaida, na kunarekebishika vizuri zaidi kukigunduliwa mapema.

Kwa wiki sita ndoo ibebwe na wengine, na mjukuu aletwe mapajani ukiwa umekaa. Tendo la ndoa lisubiri hadi daktari akague kidonda. Kula mbogamboga na kunywa maji ili usijikamue chooni. Rudi hospitali siku hiyohiyo ukipata homa, kutokwa na damu nyingi, usaha wenye harufu, mguu kuvimba na kuuma upande mmoja, au mkojo kugoma. Maumivu ya paja au kinena yanayozidi badala ya kupungua baada ya mkanda wa plastiki nayo si ya kuvumilia, hata kama utaambiwa yataisha yenyewe. Vivyo hivyo mume akisema kuna kitu kinamchoma.

Pakiti ya mkanda huwa na stika yenye jina la bidhaa na namba ya toleo. Omba moja ibandikwe kwenye faili na nyingine kwenye daftari lako la kliniki, pamoja na jina la daktari na tarehe. Atakayekuhudumia miaka 15 ijayo, pengine katika mji mwingine, atahitaji kujua kilicho ndani kabla hajagusa kitu.